Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tuwekeeni historia ya dunia kwenye vishikwambi

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Historia, nafundisha shule ya kata huku wilaya ya Kilwa, na nimeamua kuandika hapa hadharani kwasababu najua walimu wenzangu wengi wa somo hili wana jambo hili hili moyoni na wakisoma wataongezea ya kwao.

Naanza na swali la mtoto. Tulikuwa kidato cha pili, mada ni Afrika na biashara ya nje, nishaandika ubaoni dhahabu ya Sofala, nguo za India, vyombo vya China, Kilwa iko hapo katikati. Binti mmoja amekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono akasema mwalimu, wakati sultani anajenga jumba lake la Husuni Kubwa, Ulaya kulikuwa na nini? na China je? na kule Amerika kulikuwa na watu tayari? Darasa zima likageuka kumwangalia yeye, halafu likageuka kuniangalia mimi. Nikamwambia nitakujibu kesho.

Sasa hawa watoto Husuni Kubwa wanaijua mheshimiwa, ukipanda boti pale Kilwa Masoko ni muda mfupi tu uko ng'ambo, wengine wana babu zao Kilwa Kisiwani, lile bwawa la pembe nane wamelichezea tangu wadogo. Ila kwenye daftari zao Kilwa ina ukurasa wake, Ulaya ina ukurasa wake, China haina hata nusu ukurasa, na hakuna mahali popote wanapoona kwamba vyote hivi vilikuwa vinatokea kwa wakati mmoja chini ya jua hili hili. Wanakariri pointi sita za kila mada, wanajibu mtihani, yanaishia hapo.

Usiku ule nikanunua bando nikakaa na simu mpaka saa saba. Kesho yake nikaingia na karatasi mbili za manila nimeziunganisha kwa gundi, nimechora mstari mrefu, tukaanza kuujaza pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1300 Sultani al-Hasan bin Sulaiman anajenga Husuni Kubwa. 1324 Mansa Musa wa Mali anapita Cairo akienda hija, anagawa dhahabu mpaka bei ya dhahabu pale mjini inashuka. 1325 ndio mwaka ambao kwa mapokeo Wamexica, yaani Waazteki, walianzisha Tenochtitlan, leo ni Mexico City. China iko chini ya Wamongolia. 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, anatia nanga Kilwa. 1337 Uingereza na Ufaransa wanaanza vita ambavyo vitaendelea zaidi ya miaka 100, na kabla hata hawajapumua, 1347 meli zinaingiza tauni Sicily na ndani ya miaka michache inaua labda mtu mmoja kati ya watatu Ulaya, wapo wanaosema zaidi. Watoto wakanyamaza kimya. Halafu kijana mmoja akasema kwahiyo mwalimu hapa petu wakati ule palikuwa pazuri kuliko kwao. Nikamwambia tusikimbilie huko, tutafute ushahidi, na hapo ndio kazi yenyewe ya Historia ikaanza.

Maana maelezo ya Ibn Battuta yapo bure mtandaoni kwa tafsiri ya Kiingereza. Chuo kikuu cha Fordham kule New York tangu 1996 wanatunza mkusanyiko mkubwa wa maandishi ya kale, wanauita Internet History Sourcebooks, ni maandishi matupu hayana mapambo, na kwetu sisi hiyo ndio raha yake kwasababu ukurasa unafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Nikawatafsiria kipande cha Kilwa mimi mwenyewe kwa mkono. Anasema ni mji mzuri na umejengwa vizuri, na majengo yote ni ya miti. Mheshimiwa, darasa lililipuka! Wote kwa pamoja wanasema mwalimu huyu mzee amekosea, mawe si yapo pale ng'ambo, msikiti wa mawe upo. Tukabishana vipindi viwili vizima, je alisahau, maana kitabu kilisimuliwa miaka mingi baada ya safari, au nyumba za watu wa kawaida kweli zilikuwa za miti na yeye alikaa huko, au mwandishi aliandika asichokiona? Sijawahi kuona kidato cha pili wakibishana hivo kuhusu aya moja ya mwaka 1331.

Hicho kitu kimoja tu. Na vipo vingi. Kuna World History for Us All ya UCLA, chuo kikuu cha California kule Los Angeles, wameigawa historia yote ya dunia katika zama kuu 9, na kila zama unaweza kuitazama kwa mbali kabisa, au ukasogea kidogo, au ukaingia ndani kwenye tukio moja, somo limeshaandaliwa na maswali yake. Kuna OER Project, tovuti ya masomo ya historia, makala ile ile wameiandika kwa viwango tofauti vya ugumu ili mtoto anayesoma taratibu asiachwe, na darasa la wanafunzi wengi kama langu hiyo ni neema. Kuna SlaveVoyages, hapo utakuta kumbukumbu za safari zaidi ya 36,000 za meli zilizobeba watumwa kuvuka Atlantiki, meli moja moja, mwaka, bandari, idadi ya watu. Kuna ile historia ya Afrika ya UNESCO, juzuu 8 za mwanzo, na juzuu ya nane msimamizi wake alikuwa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa. Vyote bure.

Bure kwa mwenye intaneti na mwenye Kiingereza. Mimi bando la maandalizi ya kipindi natoa mfukoni kwangu, silalamiki, ila nikitaka kuwaonyesha video moja ya dakika kumi na mbili nafikiria mara mbili. Wanafunzi simu shuleni hawaruhusiwi na mimi sipingi hilo hata kidogo. Na lugha, Mheshimiwa, lugha ndio ukuta mkubwa kuliko wote. Mtoto wa kidato cha kwanza anatoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, unampa ukurasa wa Kiingereza kuhusu milki ya Wamongolia, anaitafuta Mongolia haioni, anaona maneno tu. Tumeweza kulifundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili na wanafunzi wanafunguka kabisa, wanauliza, wanapinga. Kwanini dunia nzima iendelee kuwa kwa lugha ambayo wanaitafuta kwenye kamusi?

Ombi langu ni hili. Walimu tuligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Changu ninacho, kinafanya kazi, chaji kinatunza. Naomba wizara itengeneze furushi moja la historia ya dunia lipakiwe humo, lifanye kazi bila intaneti kabisa. Si jambo la kuanza kubuni mtambo mpya, programu zipo na ni za bure, Kiwix inabeba Wikipedia nzima ya lugha unayotaka ikasomeka bila mtandao, na Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, Kolibri yenyewe imetengenezwa makusudi kwa shule zisizo na intaneti na kifaa kimoja kinaweza kuhudumia vingine hapo hapo darasani. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu tayari ina vitabu vya kiada, basi vingie humo humo viwe pamoja. Wakiweza kulileta kwa memori kadi mpaka ofisi ya elimu ya wilaya, mimi nitapanda bodaboda nikalifuate.

Na ndani ya hilo furushi naomba kwanza kabisa kuwe na ule mstari. Mtoto aguse 1331 aone Kilwa, Cairo, Hangzhou, Paris na Tenochtitlan kwa pamoja. Aguse 1498 aone Vasco da Gama anafika Malindi, na aone pia nani alikuwa anatawala India anakokwenda. Aguse 1905 aone Maji Maji inaanza na mwaka huo huo Urusi wafanyakazi wako barabarani St. Petersburg. Hivi vitu kwenye silabasi vipo mbali mbali, kimoja kidato hiki kingine kidato kile, mwalimu peke yake ndio anajua ni mwaka mmoja.

Halafu tafsiri. Tupeni hata kazi ndogo ndogo walimu wenyewe, kila mmoja aya kadhaa, walimu wastaafu wapo wana Kiswahili kitamu sana, vyuoni kuna wanafunzi wa tafsiri wanatafuta kazi za mazoezi, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wakae juu wasawazishe istilahi, maana sasa hivi ile Renaissance ya Ulaya mimi naiita mwamko, jirani yangu anaita ufufuko, mwanafunzi akihama shule anadhani ni mambo mawili.

Na vya kwetu viingie pia, tusipokee tu. Kwenye tovuti nyingi za historia ya dunia pwani yetu ina aya mbili tatu halafu basi. Wakati Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, wakati sarafu ya sultani wa Kilwa imechimbuliwa Great Zimbabwe, na sarafu zingine za Kilwa ziliokotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Siku nikiwaambia wanafunzi habari ya Australia hawatoki darasani hata kengele ikigonga. Mtu aje na kamera nzuri apige picha kila ukuta wa Husuni Kubwa, wanafunzi wangu watamwongoza na hawatamdai kitu.

Mheshimiwa, maazimio ya kazi, yaani mipango yetu ya kufundisha, ya mwaka mpya tunaanza kuyaandika Desemba. Kama hata zama moja tu, hiyo ya 1300 mpaka 1500, itakuwa tayari kujaribiwa Januari, naomba wilaya yetu iwe ya kwanza, na mimi nitaandika ripoti kila wiki, kipi kimefunguka kipi kimegoma, wanafunzi wameuliza nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Historia, Kilwa