Yah: Kumwandikia muda wa kutoka majini mshiriki aliyekuwa bado ziwani

Mshiriki Namba 47,
Uyole, Mbeya.
28 Aprili

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni iliyoandaa triathloni ya Matema.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, mkazi wa Uyole jijini Mbeya. Nilishiriki mashindano yenu ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia ya Matema, wilayani Kyela, Jumamosi ya pili ya mwezi huu, nikiwa na namba 47. Mdogo wangu, kijana wa miaka 22, alikuwa na namba 48. Ada ilikuwa shilingi 85,000 kwa mtu, na za wote wawili nililipa mimi. Naandika kwa sababu karatasi ya matokeo mliyoibandika jioni ile inasema namba 48 alitoka majini kwa dakika 39 na sekunde 20. Hakutoka. Dakika hiyo mdogo wangu alikuwa ziwani, ameng'ang'ania boya lililokatika kamba, mawimbi yakimpeleka upande wa Lyulilo, na hakuna mtu wa kampuni yenu aliyejua kwamba hajafika nchi kavu.

Nimewapigia simu mara tatu. Dada anayepokea simu zenu alinisikiliza kwa heshima, na ninamshukuru. Kilichonifanya nikae chini niandike ni ule ujumbe mlionitumia baadaye, kwamba hali ya hewa ni kazi ya Mungu na kwamba kila mshiriki alisaini fomu. Ndugu Mkurugenzi, sikulalamikia mvua. Nimezaliwa Tukuyu, mvua nimekua nayo. Ninalalamikia daftari.

Nianze asubuhi yenyewe. Tulifika ufukweni saa 12. Milima ya Livingstone ilikuwa imefunikwa na wingu zito mpaka karibu na usawa wa maji. Mto Lufilyo ulikuwa umejaa usiku kucha, na maji ya ufukweni yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, vipande vya migomba vikielea humo. Upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza. Ziwa Nyasa ni refu na jembamba, zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini. Upepo ule ukishika kasi unayasukuma maji safari yote hiyo bila kukutana na kizuizi, na mzigo wote unakuja kutuliwa pale pale mlipotupangia tuogelee.

Jumamosi ni siku ya soko la vyungu Lyulilo. Akina mama Wakisi wa Ikombe huvileta vyungu vyao kwa mitumbwi, na mwenye kutegemea soko haliachi kwa manyunyu. Asubuhi ile sikuona mtumbwi wa vyungu hata mmoja. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mtumbwi wake uliopinduliwa mchangani alituita, akatuambia, "Wanangu, leo ziwa limekataa." Nilimfikishia maneno hayo msimamizi wenu mwenye kipaza sauti. Jibu alilonipa ni kwamba mgeni rasmi ameshafika.

Saa 1 na dakika 10 radi ikapiga. Nilihesabu kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu: unaona mwanga, unahesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Zilikuwa sekunde 11. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo radi ile ilipiga umbali usiofika kilomita 4 kutoka tuliposimama. Kanuni inayofuatwa kwenye michezo ya nje haihitaji chombo chochote. Ngurumo ikikufikia ndani ya sekunde 30, watu watoke majini, na wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ninyi mlisubiri dakika 6, mkapuliza kipenga.

Msiniambie kwamba mashindano yakishatangazwa hayaahirishwi. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, triathloni ya wanaume ilipangwa tarehe 30 Julai. Mvua ilikuwa imeuchafua Mto Seine, vipimo vya maji vikawa vibaya, ikasogezwa hadi tarehe 31. Wale walikuwa wanariadha bora wa dunia, na televisheni za dunia nzima zilikuwa zinawasubiri. Sisi tulikuwa walimu, manesi, wafanyabiashara wa viazi na wanafunzi wa chuo, watu 64. Tungerudi hata wiki mbili baadaye, wala hakuna ambaye angewadai nauli.

Sasa nije kwenye daftari.

Tangazo lenu liliahidi kila mshiriki mkanda wa mguuni wenye chipu, ili akipita getini saa yake ijiandike yenyewe. Siku ya mashindano tukaambiwa mikanda imekwama Dar es Salaam. Badala yake tulichorwa namba mikononi kwa kalamu ya maka, huku mvua ikinyesha, kwenye ngozi zilizopakwa mafuta. Yangu ilianza kuchuruzika kabla sijagusa maji. Liliahidi pia boti nne za uokoaji. Niliiona moja yenye injini, na waliokuwa ndani yake ni wapiga picha.

Kuogelea kwenyewe sina mengi ya kusema. Mita 1,500, boya la kwanza nililiona, la pili sikuliona, nilifuata kofia za wenzangu kila wimbi liliponinyanyua. Nilimeza maji mengi. Nilipofika mchangani nilitambaa kwanza, ndipo nikasimama.

Pale kwenye geti alikuwepo kijana wenu mmoja, peke yake. Mwavuli ameubana kwapani, mkononi ana kaunta buku lililolowa mpaka kurasa zimeshikana, na kalamu ya wino inayoandika inapotaka. Aliushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga, akaniuliza, "Kaka, wewe ni 47 au 41?" Nikamjibu. Nilikuwa nimetumia dakika 41. Sina ugomvi na kijana yule. Alipewa kazi ya watu wanne na vifaa vya kuandikia hesabu za genge.

Nikakimbilia eneo la kubadilishia. Baiskeli ya mdogo wangu ilikuwa bado imetundikwa. Chini yake viatu vyake, soksi zimekunjwa ndani, na kipande cha muhogo wa kuchemsha alichokifunga kwenye jani la mgomba ili ale kabla hajapanda. Nilishtuka, maana mdogo wangu ananizidi kuogelea. Likizo zake zote za utotoni alizimalizia Itungi kwa shangazi, ndani ya ziwa hilo hilo. Nikaenda mezani kwenu kuuliza. Dada aliyekuwepo akapitisha kidole kwenye orodha iliyoletwa kutoka getini, akaniambia, "48 ametoka, huyu hapa, 39 na sekunde 20."

Nikaiamini karatasi. Hili ndilo linaloniamsha usiku. Niliiamini karatasi yenu kuliko viatu vya ndugu yangu, nikapanda baiskeli nikaondoka kuelekea Ipinda.

Niliendesha kama kilomita 6. Mvua ilikuwa inapiga usoni, huku na huku mashamba ya mpunga yamejaa maji, na mimi nafikiria ule muhogo tu. Mtu anayetoka majini na njaa angeuacha? Nikageuza. Niliporudi baiskeli iko pale pale, jani halijafunguliwa. Wakati huo huo nikamsikia mtangazaji wenu akisema kwenye kipaza sauti kwamba washiriki wote 64 wametoka majini salama, na watu wakapiga makofi.

Nilikimbia ufukweni nikipiga kelele jina lake. Boti yenu ilikuwa imeshafungwa, mwendeshaji haonekani. Walionisikia ni wavuvi wawili waliokuwa wanahangaika kuuokoa wavu wao usichukuliwe na mawimbi. Hawakuniuliza namba. Waliukata wavu, wakasukuma mtumbwi, wakaelekea upande wa Lyulilo, kwa sababu walisema maji ya siku ile kila kitu yanakipeleka kule. Walimkuta dakika 80 baada ya kipenga kupulizwa. Misuli ya mguu ilikuwa imemkaza kwenye boya la pili, akalishika boya apumzike, kamba yake ikakatika, wakaenda nalo. Walipomfikisha nchi kavu vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwenye kile kipande cha kamba, ikabidi mvuvi mmoja avifungue kimoja kimoja, taratibu, kama unavyomfungua mtoto mkono akiwa usingizini. Mama yetu alipozungumza na wavuvi wale kwa simu alishindwa kusema chochote zaidi ya "ndaga fijo, ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akawa analia.

Kwa siku kadhaa sikuelewa ule muda ulitoka wapi. Nikaichukua picha niliyoipiga ya karatasi yenu ya matokeo, nikaipitia mstari kwa mstari. Namba 43 hana muda wa kuogelea, ila ana muda wa baiskeli na wa kukimbia. Nikamtafuta, ni mwenzetu wa Rungwe, akanithibitishia kwamba alitoka majini mbele yangu kidogo, kwenye dakika ya 39. Alikuwa bado ana picha ya mkono wake siku ile. Wino wa 3 umetanuka ukaziba upande wa kushoto. Ukiutazama kwa haraka, kwenye mvua, utasoma 8. Kijana wenu akaandika 48.

Kosa la kusoma namba naweza kulielewa. Lakini tazama kilichofuata, Ndugu Mkurugenzi. Hata kama 43 alisomwa 48, mistari ya daftari ilibaki pungufu mmoja. Nimeihesabu kwenye karatasi yenu wenyewe: mliingiza watu 64 majini, mkaandika nyakati 63. Mtoto wa darasa la kwanza angewaambia kwamba kuna mtu mmoja bado yuko ndani ya ziwa. Hamkuhitaji chipu wala mtandao ili kulijua hilo. Mlihitaji mtu mmoja ahesabu mistari kabla mtangazaji hajafungua mdomo. Hakuna aliyehesabu, na mtangazaji wenu akawatangazia watu idadi aliyoitoa kwenye orodha ya waliolipa ada.

Mengine nayapita. Barabara haikufungwa, tulichangia lami na bodaboda na malori. Maji ya kunywa yaliisha kabla ya wakimbiaji wa mwisho kufika. Hayo mtaandikiwa na wengine.

Ninachokitaka ni hiki. Kwanza, karatasi ya matokeo irekebishwe. Namba 43 apewe muda wake, na mbele ya namba 48 paandikwe kwamba aliokolewa na wavuvi wa Matema. Ile 39 na sekunde 20 itolewe. Sitaki ibaki mahali popote chini ya namba ya ndugu yangu, kwa sababu asingepatikana, ndiyo ambayo mngemwonyesha mama yetu kuthibitisha kwamba mlimtoa majini.

Pili, wavuvi wale walipwe wavu wao. Nimewauliza bei, wakaona haya kuitaja. Nimeipata dukani Kyela: shilingi 180,000 pamoja na kamba na vyelezo. Ada mbili tulizolipa zinakaribia kiasi hicho. Sizidai zirudi kwangu. Ongezeni kilichopungua, mpeleke ninyi wenyewe, kwa mikono yenu, mkawaone.

Tatu, nataka maelezo ya maandishi kuhusu namna mtakavyowahesabu watu safari ijayo. Nani atahesabu wanaoingia, nani atahesabu wanaotoka, nani ana mamlaka ya kuzuia mashindano hesabu zisipolingana, na nani ana mamlaka ya kusema leo hatuingii ziwani. Mkisema ni mtu yule yule anayempokea mgeni rasmi, nitajua hamjabadilisha kitu. Kaeni pia na wazee wa Matema kabla ya kupanga tarehe. Aprili kule Kyela ni mvua juu ya mvua, na watawaambia bure miezi ambayo ziwa linatulia.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita, nitaipeleka pamoja na picha ya matokeo na picha ya mkono wa namba 43 kwa Tume ya Ushindani, maana tulilipia huduma iliyotangazwa na hatukupewa.

Mdogo wangu anaendelea vizuri. Jumapili iliyopita aliniomba twende bwawani tukafanye mazoezi, tukaenda. Aliogelea urefu mmoja, akashika ukingo, akakaa hapo muda mrefu bila kusema. Nilikaa naye.

Nasubiri barua. Ujumbe wa simu nimeshaupata.

Wenu katika michezo,

Mshiriki Namba 47

Nakala: Afisa Michezo, Halmashauri ya Wilaya ya Kyela.