Mdogo wangu, panya si mnyama wa kila kitu

Mdogo wangu,

Juzi kwenye simu ulisema umemaliza sura ya RNA ndogo, vile vipande vifupi vya molekuli ya RNA vinavyodhibiti jeni, na kwamba kwenye yai hazina kazi kubwa, kazi yake iko kwenye mbegu za kiume. Sikukukatiza, ulikuwa na furaha. Ila neno lile limenikaa kooni.

Mwaka 2007 watafiti waliondoa Dicer kwenye mayai ya panya. Unaijua: kimeng'enya kinachokata RNA ndefu kuwa vipande vifupi vya herufi ishirini na kitu. Mayai yakakwama katikati ya kujigawa, nyuzi za kuvuta kromosomu zimevurugika. Mwaka 2010 ikaondolewa Dgcr8, protini ambayo bila yake mikroRNA nyingi, aina moja ya RNA ndogo, hazitengenezwi. Mayai yakakomaa, watoto wakazaliwa wazima. Hapo ndipo wengi hufunga daftari.

Usilifunge. Kama mikroRNA si za lazima na Dicer ni ya lazima, basi kuna vipande vingine vinavyofanya kazi. Navyo vilikwisha kuonekana tangu 2008: siRNA, aina nyingine ya RNA ndogo, na baadhi yake hutoka kwenye jeni mfu, zile ambazo vitabu vya zamani viliziita takataka. RNA ya jeni mfu hushikana na ya ndugu yake aliye hai, Dicer huzikata, na vipande hivyo humdhibiti yule aliye hai. Mimi hili bado linanishangaza.

Lakini njia hiyo ina nguvu kwa panya kwa sababu yai lake lina Dicer fupi ya pekee, iliyotokana na jeni inayorukaruka kujipachika ndani ya jeni ya Dicer. Maabara ya Petr Svoboda, Prague, ilionyesha hivyo mwaka 2013. Sisi binadamu hatuna Dicer hiyo. Sisi tuna PIWIL3, protini ya ukoo wa PIWI unaofanya kazi na aina ya tatu ya RNA ndogo, ambayo panya ameipoteza. Ng'ombe anayo, hamsta anayo. Panya jike asiye na protini za PIWI huzaa kama kawaida. Hamsta jike aliyeondolewa PIWIL1, ndugu wa PIWIL3, mwaka 2021, alikuwa tasa: viinitete vyake vilisimama vikiwa na seli mbili tu.

Yai lililokuleta duniani lilianza kuumbwa mama akiwa tumboni mwa bibi, likangoja miaka yote ile. Sitaki ulielewe kwa kumtazama panya peke yake.

Ovari za ng'ombe hutupwa kila siku machinjioni. Kabla hujaandika pendekezo lako la utafiti, muulize msimamizi wako kama mnaweza kuzichukua.

Dada yako