Salamu za Krismasi kutoka Dodoma, na ya Profesa wetu mwenye kifua

Mbukwenyi ndugu zangu. Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zetu Waislamu asalaam aleikum. Nawatakia nyote heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye baraka tele, majirani wa hapa Ipagala, mlioko Dar, Mwanza na kokote mlipo. Kila mwaka naandika na mwaka huu nimeona nisinyamaze, ila niseme ukweli mkono ulikuwa mzito.

Mvua imeanza, Mungu ni mwema. Juzi imepiga usiku kucha, asubuhi watu wameamkia mashambani na mbegu za uwele na alizeti. Ila sokoni jamani. Jana nimeenda Majengo, jogoo wa kawaida tu naambiwa elfu 35, mchele nao haushikiki, nikazunguka na kikapu mpaka nikachoka nikanunua nyama kilo moja nikarudi. Watoto watavaa nguo za Pasaka, wameshaambiwa na wameelewa, au wamejifanya wameelewa ili nisiumie. Na hapo Januari haijafika na madaftari yake na michango. Kwa hiyo ukiona jirani kapunguza pilau mwaka huu usimseme.

Lakini kilichofanya mkono uwe mzito sio bei. Hii ni Krismasi ya kwanza bila Profesa wetu. Wengi wenu mnamjua, mkuu wa kitivo mstaafu, mwalimu wa unasihi, yaani ushauri nasaha, aliyetutoka mwezi wa nane zabibu zikiwa zinavunwa. Tulimzika Hombolo, pembeni ya lile shamba lake la zabibu za Makutupora nyekundu alilolianza baada ya kustaafu, wakati wenzake wanahangaika na kikokotoo cha pensheni yeye anahangaika na miche.

Mimi nilimjua nikiwa mwaka wa pili chuoni. Baba alikuwa amefariki Novemba, bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, nilikuwa nalituma lote nyumbani, darasani siingii, nashinda nje kwenye vimbweta, yale mabenchi ya saruji, naangalia watu wanapita. Nilikuwa naelekea kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, na sikumwambia mtu. Sijui nani alimwambia, akaniita ofisini. Nilijua naenda kusomewa barua. Viti viwili viliwekwa pembeni mbali na meza, akakaa kimoja mi nikakaa kingine, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akaniuliza, "Umekula?" Basi. Nikajibu sijala, alafu nikalia karibu nusu saa nzima na yule mzee hakusema neno hata moja, wala hakuangalia saa.

Darasani alitufundisha Carl Rogers, yule mwanasaikolojia wa Marekani, kwamba mtu aliyekuja kwako umpokee bila masharti, umsikilize kwa kuingia kwenye viatu vyake na wewe mwenyewe usijifanye. Tulikariri kwa ajili ya mtihani. Profesa alituambia Kiswahili kina neno moja linalobeba nusu ya kazi hiyo, kifua, yaani kutunza siri ya mtu. Mnasihi asiye na kifua ni mtangazaji. Enzi hizo ukionekana unatoka ofisini kwake wenzako wanakwambia utaishia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kana kwamba Mirembe ni pa kuchekwa wakati watu wanatibiwa pale wanarudi kulea familia zao. Yeye ndo maana hakuandika jina la mtu kwenye lile kaunta buku lake, aliandika namba tu, na akikukuta sokoni anakusalimia kama anavyomsalimia yeyote.

Msibani ndo nilielewa. Mshereheshaji alisema kama kuna ambao Profesa aliwahi kuwasaidia kimya kimya wasimame tu, si lazima waseme kitu. Jamani. Walisimama bodaboda, mama mmoja wa mgahawa, wahadhiri wawili, kijana aliyepanda treni ya SGR kutoka Dar asubuhi ile ile, na mwanaume mmoja niliyekaa naye darasa moja miaka mitatu na sikujua kabisa kwamba na yeye alikalia kile kiti. Tuliangaliana. Miaka yote hiyo kila mtu alidhani yuko peke yake.

Na mimi ndo nataka kusema na ninyi hapo, mnisamehe nikihubiri, mimi ni mwalimu wa unasihi sekondari na sikukuu ndo inaniletea watoto wengi zaidi wakirudi Januari. Nyumba zinajaa wiki hii. Binti karudi kutoka chuo, badala ya chai anapewa maswali, umenenepa, utaolewa lini, yule mwenzako ameshaajiriwa wewe vipi. Kijana anakuambia jambo jikoni, kufika jioni shangazi wa Singida analo na skrinshoti iko kwenye grupu la ukoo. Alafu tunashangaa watoto hawatuambii kitu. Wazazi wenzangu, tuwe na kifua! Mtoto akikuletea jambo, kaa, zima redio, msikilize mpaka mwisho, usianze na "enzi zetu sisi". Aliyefeli, aliyeachwa, aliyefukuzwa kazi akaficha, mpe kiti na sahani kwanza. Ila na siri ina mpaka wake, hili Profesa alilirudia kila muhula, mtu akikuambia anataka kujidhuru au kumdhuru mwingine hiyo usikae nayo peke yako, tafuta msaada siku hiyo hiyo, na mwambie kwamba unatafuta. Hata Neno linasema tuchukuliane mizigo, sasa mzigo unauchukuaje kama hujaruhusu mwenzako autue mbele yako?

Niseme na moja la kwangu. Kila tarehe 24 jioni Profesa alikuwa ananitumia meseji, na hakuwahi kuandika heri ya Krismasi hata siku moja. Aliandika, "Mwalimu, umekula?" Miaka 11 hajaruka. Jana jioni nimekaa na simu mkononi mpaka saa 5 usiku, najua haiji, nimekaa nayo tu.

Basi Mungu awape sikukuu njema, awalinde barabarani mnaosafiri, awaponye wagonjwa, awafariji waliofiwa kama sisi, na mwaka tuuvuke salama. Tarehe 26 tunaenda Hombolo kumwona Mama, mke wa Profesa, zabibu zimeshapogolewa na palizi imemzidi. Tukutane Sabasaba saa 2 asubuhi, mwenye jembe aje na jembe, mwenye sukari abebe sukari, chai ntabeba mimi kwenye chupa.