Usiku wa Alhamisi ni upi?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaoandika programu, kisha nina ombi kwa gazeti lako.

Mimi natengeneza programu ya kukatia tiketi za basi hapa Mwembe Tayari. Jumatano iliyopita, saa tano usiku, nilimkuta bi mkubwa mmoja wa Mji wa Kale ameketi juu ya begi lake, kapu la mahamri limefungwa kwa leso. Tiketi yake ilisema: Alhamisi, 6:30 usiku. Basi lake lilikuwa la usiku unaofuata. Kwake siku huingia jua likizama, kwa hivyo usiku wa Alhamisi ni ule unaotangulia mchana wake. Hakukosea. Nimekosea mimi, na kabla yangu umekosea mwongozo nilioufuata.

Maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari, ninayotumia kwa tarehe na saa ina ukurasa wa mwongozo wa Kiswahili. Unaelekeza hivi: ukitaka saa za Kiswahili, rudisha saa za eneo nyuma kwa saa sita, yaani +3 yetu (saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC) uifanye -3. Mchana huoni kasoro. 10:00 inakuwa 4:00, saa nne, sawasawa. Lakini Ijumaa 00:30 inarudi kuwa Alhamisi 18:30, ambayo tiketi inaiandika 6:30. Saa imesomeka vizuri, tarehe imeondoka nayo.

Kwetu hubadilika jina la saa tu, wakati wenyewe hausogei. Shika +3, tarehe iache ilipo, punguza sita (isipofika saba, ongeza sita) kwenye ile namba anayosomewa mtu, basi. Nimewapelekea watunzaji wa maktaba hiyo sahihisho hilo pamoja na mfano wa 00:30, maana mfano wa saa nne asubuhi ndio uliotuficha kosa miaka yote. Wenzangu msingoje lichapishwe. Mwenye programu ya miadi ya kliniki, ya zamu za walinzi, na hasa ya kuamsha watu daku, aijaribu leo kwa saa nane usiku aone inaandika siku gani.

Kwako Mhariri: kwenye habari zenu mnaandika vizuri "usiku wa kuamkia", lakini kwenye matangazo ya safari mnaliacha. Tafadhali lirudisheni. Tiketi zetu sasa zinasema: usiku wa kuamkia Ijumaa, saa 6:30. Bi mkubwa nilimchapishia ya kwanza.

Mwandika programu,
Kibokoni, Mombasa