Mdogo wangu, kabla hujaenda Makete kujifungua

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia utajifungulia nyumbani kwa mama. Lakini mwezi wa saba wa Makete unaujua, sakitu asubuhi na ukungu hadi saa nne. Ndiyo maana nakuandikia.

Uchungu unapobana, oksijeni inayomfikia mtoto hupungua kidogo. Mwili wake humwaga adrenalini, noradrenalini na kortisoli kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Tunaziita homoni za msongo, ila siku hiyo zinamfaa: zinasaidia kuondoa maji mapafuni, zinapandisha sukari kwenye damu, zinalinda moyo na ubongo. Balaa huja oksijeni ikikosekana kwa muda mrefu. Huyo ndiye wakunga tunasema amezaliwa amechoka. Halii, amelegea, na anatakiwa asaidiwe kupumua ndani ya dakika ya kwanza. Kwa hiyo usizalie nyumbani, hata mvua ikinyesha. Siku zikikaribia, hamia karibu na hospitali.

Sasa baridi. Mtoto anatoka kwenye joto la nyuzi 37 akiwa ameloa mwili mzima. Hatetemeki kama sisi. Anachoma mafuta maalumu yaliyoko shingoni na katikati ya mabega, na noradrenalini ndiyo inayoyawasha. Kazi hiyo inakula sukari na oksijeni. Aliyezaliwa amechoka, hiyo oksijeni ataitoa wapi? Nawaonea uchungu sana watoto wanaoachwa mezani bila nguo huku watu wakihangaika na mambo mengine.

Shemeji atakwambia kuna nchi watoto waliochoka hupozwa makusudi. Ni kweli, hushushwa hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, kwenye wodi ya uangalizi maalumu, wakipimwa muda wote. Hata hivyo, utafiti wa India, Sri Lanka na Bangladesh uliotoka mwaka 2021 ulionyesha waliopozwa walikufa wengi zaidi. Chumba chenye baridi si tiba hiyo, asikudanganye mtu.

Na jiko la mkaa, nakuomba sana, lisiingie chumbani ukiwa na mimba wala baada ya kuzaa. Hewa yake ya sumu haina harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na aliye tumboni anakosa pamoja na wewe.

Beba kofia, soksi na khanga kavu za kutosha. Ya kwanza wamfutie, waiweke kando. Nyingine imfunike akiwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi. Mama atataka kumwogesha haraka. Mwambie mimi nimesema asubiri saa 24. Joto lake liwe kati ya 36.5 na 37.5. Ukigusa tumbo ukalikuta la baridi, au akikataa kunyonya, usingoje kuche: mfunge kifuani, mwende hospitali.

Dada yako