Tusihesabu miaka ya jeshi, tuhesabu makarani

Mhariri,

Msomaji wako mmoja ameandika kwamba nchi iliyovunjwa na vita ikikaliwa na jeshi la nje miaka saba, kama Japani, itanyooka. Hiyo miaka saba siibishii: Wamarekani waliingia 1945, utawala wao ukaisha Aprili 1952. Ila amehesabu miaka, hakuhesabu watu. Jenerali MacArthur, mkuu wa Wamarekani hao, alimwacha mfalme kwenye kiti chake, wizara nyingi akaziacha, makarani wakaendelea kugonga mihuri. Amri zilitoka kwake, kazi wakafanya Wajapani wenyewe. Iraki mwaka 2003, Paul Bremer, Mmarekani aliyesimamia nchi hiyo, alilivunja jeshi zima la Iraki kwa amri moja. Wanaume waliofunzwa bunduki wakarudishwa nyumbani mikono mitupu, na kilichofuata kila mwenye redio alikisikia.

Sisi wa Iringa tuna mfano wetu. Waingereza walipoingia hapa 1916 walikuta boma la Mjerumani, nao wakaligeuza lao. Kuta zile nene bado zipo, leo ni makumbusho. Sehemu nyingi za nchi hata maakida, wale wasimamizi waliowekwa na Mjerumani, waliendelea kudai kodi kama jana, bendera tu ndiyo iliyobadilika. Ilipofika 1926 ndipo Gavana Donald Cameron akaleta sheria ya kutawala kupitia machifu, na Uheheni akasimamishwa Sapi, mtoto wa Mkwawa yuleyule aliyepigana na Mjerumani. (Unafuu wa gharama ulikuwemo pia, tusidanganyane.)

Likizo iliyopita niliwapeleka wajukuu Kalenga. Fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, limo ndani ya kioo kwenye makumbusho ya huko, dogo kuliko walivyotarajia. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliwapa Wajerumani miezi sita kulikabidhi. Lilifika Juni 1954, mikononi mwa Gavana Twining. Mjukuu wa kiume alianza kuhesabu kwa vidole, akaazima na vya dada yake, bado havikutosha. Aliyelipokea siku hiyo alikuwa Adam Sapi, mtoto wa yule Sapi wa Cameron, naye chifu. Wakoloni wakaondoka zao. Yeye akaja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Msomaji huyo akipita Iringa anitafute. Nauli ya daladala hadi Kalenga nitamlipia.

Mstaafu,
Kihesa, Iringa