Malalamiko: seva zimepungua kasi baada ya kubadilishiwa keneli

Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KUSHUKA KWA KASI YA SEVA BAADA YA KENELI KUTOKA 5.10 KWENDA 5.15

Seva zetu nne zilibadilishiwa keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, bila taarifa. Tulipouliza kwa nini hifadhidata imekuwa nzito, dawati lenu likatushauri tulipie prosesa zaidi, nasi tukalipia. Ushauri ule haukuwa sahihi. Prosesa zinatosha, kilichoharibika ni saa.

Mzigo ukiwa mkubwa, perf top, zana inayoonyesha kazi zinazokula muda wa prosesa, inaonyesha read_hpet (kusoma saa ya HPET) juu kabisa ya orodha. Faili la /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource, ambalo hutaja saa inayotumiwa na keneli na lingepaswa kusomeka tsc, linasomeka hpet. Kwenye dmesg, yaani kumbukumbu za keneli, keneli imeandika wazi kwamba imeikataa TSC kwa kukosa uthabiti.

TSC ni saa iliyo ndani ya prosesa, na programu huisoma bila kuingia kwenye keneli. HPET ni saa iliyo kwenye kifaa cha nje ya prosesa: kila kusoma ni wito wa mfumo, yaani ombi kwa keneli, na prosesa zote hupanga foleni kwenye kifaa hicho kimoja. PostgreSQL, hifadhidata yetu, huuliza saa mara nyingi mno. Fungeni strace, zana inayoonyesha wito za mfumo, kwenye mchakato wake mmoja mjionee: clock_gettime, wito wa kuuliza saa, ambayo seva ikiwa nzima haionekani hata mara moja, inamwagika mstari baada ya mstari. Kwa pg_test_timing, zana ya PostgreSQL ya kupima muda wa kusoma saa, kusoma saa kulichukua nanosekunde 41 kwenye 5.10 na 1,380 kwenye 5.15, seva ileile, diski zilezile. Tulirudia mara tatu, tukiwasha upya kila mara, na 5.10 tulilazimika kuisakinisha wenyewe kwa kuwa mliifuta.

Chanzo kinajulikana. Keneli ina mlinzi anayelinganisha TSC na HPET kila nusu sekunde. Zamani alivumilia tofauti ya milisekunde 62.5, toleo 5.14 likakaza kiwango hadi chini ya milisekunde moja. Seva ikielemewa, kusoma HPET kunachelewa, na lawama inaiangukia TSC. Marekebisho ya kwanza yaliyofuata yaliondoa ukaguzi huo kwenye mashine zenye soketi (nafasi za prosesa) zisizozidi mbili. Zenu zina soketi nne, kwa hiyo hayakuzigusa. Dalili ni kwamba TSC zao ni nzima: constant_tsc (kasi isiyobadilika) na nonstop_tsc (haisimami) zote zimo kwenye /proc/cpuinfo.

Fundi wenu alijaribu kurudisha tsc kwa amri ya echo, kwa kuliandika jina hilo kwenye faili la current_clocksource. Haiwezekani, kwani ikishakataliwa hutoweka kwenye available_clocksource mpaka seva iwashwe upya. Tunataka muweke tsc=nowatchdog, inayomzima mlinzi huyo kwa TSC, kwenye mipangilio ya GRUB (programu ya kuwashia) ya seva hizi nne, kisha muwashe upya usiku, moja moja. Msiiweke kwenye mashine zote kwa mkupuo: pale ambapo TSC za soketi kweli zinapishana, muda unaweza kurudi nyuma, na hifadhidata ikaandika saa za uongo bila mtu kugundua.

Pia tunataka 5.10 ibaki kwenye menyu ya kuwashia, tupewe taarifa siku 7 kabla ya keneli kubadilishwa tena, na turudishiwe fedha za prosesa tulizolipia kwa ushauri wenu.

Tumeambatisha matokeo ya perf, dmesg na pg_test_timing kwa keneli zote mbili. Tunasubiri jibu la maandishi kutoka kwa mhandisi ndani ya siku 7 za kazi.

Wenu,
Wasimamizi wa Mifumo